Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kivumishi "Anguine": Maana Yake, Asili Yake na Namna ya Kulifasiri

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha, wafasiri na wasomaji wa vitabu vya sayansi ambao wamekutana na neno hili, wakalitafuta katika kamusi ndogo na kulikosa.

"Anguine" ni neno la lugha gani, na lina maana gani?

Ni kivumishi cha Kiingereza kilichochukuliwa kutoka Kilatini. Maana yake ya kwanza ni "-a nyoka", yaani kitu kinachomhusu nyoka au kilichotokana na mwili wake, kama vile gamba alilojivua chatu. Maana yake ya pili ni "-enye kufanana na nyoka", iwe kwa umbo, kwa mwonekano wa ngozi au kwa namna ya kwenda, na kwa maana hiyo mtu anaweza kuusifia mzizi mrefu uliojisokota juu ya jiwe, au mkono wa mchezaji unaojipinda polepole bila kuonyesha mahali unapokunjikia. Kamusi kubwa za Kiingereza zinalo, lakini katika mazungumzo ya kila siku halisikiki, na hata katika maandishi linapatikana zaidi kwa washairi, kwa wataalamu wa wanyama na kwa watu wanaoandika juu ya Roma ya kale.

Linatamkwaje?

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu tahajia yetu inalieleza vizuri: ni "angwin", kwa sauti ya "ng" iliyomo katika "ngoma" wala si ile ya "ng'ombe". Mkazo huwekwa mwanzoni mwa neno.

Limetokana na nini hasa?

Limetokana na nomino ya Kilatini anguis, ambayo maana yake ni nyoka. Waroma walikuwa na kawaida ya kuunda kivumishi kutokana na jina la mnyama kwa kuongeza mwishoni kiambishi -inus, kwa hiyo canis, yaani mbwa, alizaa caninus. Equus, yaani farasi, alizaa equinus. Lupus, yaani mbwa mwitu, alizaa lupinus. Aquila, yaani tai, alizaa aquilinus. Na anguis akazaa anguinus. Palikuwa pia na umbo la pili, anguineus, lililopendwa zaidi na washairi. Kiingereza kiliyapokea maneno haya kwa wingi katika karne ya 16 na ya 17, wakati wasomi wa Uingereza walipokuwa wakiandika na kufikiri kwa Kilatini, na walipoona kwamba lugha yao ya nyumbani haikuwa na vivumishi vya kutosha kwa mambo ya taaluma. Maneno mageni yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1604 Robert Cawdrey alichapisha kamusi maalumu ya kuwaelezea wasomaji wa kawaida maneno magumu, na mwaka 1656 Thomas Blount akatoa nyingine kubwa zaidi.

Baadhi ya vivumishi hivyo vilizoeleka sana. Meno ambayo sisi huyaita chonge, Waingereza huyaita kwa jina linalotokana na caninus, yaani meno ya mbwa, na hakuna anayeona ugeni ndani yake. "Anguine" halikupata bahati hiyo, na sababu moja iliyo wazi ni kwamba nafasi lililoitaka ilikuwa imekwisha kujazwa na mwenzake, "serpentine", lililoingia mapema zaidi kupitia Kifaransa.

Je, historia ya anguis inaweza kufuatwa nyuma zaidi ya Kilatini?

Inaweza. Katika Kilithuania, angis ni nyoka mwenye sumu. Katika Kipolandi, wąż ni nyoka. Katika Kirusi, uzh ni aina ya nyoka asiyedhuru. Na katika Kijerumani cha kale palikuwa na unc, nyoka vilevile. Wanaisimu wanapoyaweka maneno haya pamoja na kuzifuata kanuni za mabadiliko ya sauti katika kila lugha, wanafikia mzizi mmoja uliotumika maelfu ya miaka iliyopita katika lugha mama ya jamii ya Kihindi-Kiulaya, yaani ukoo unaokusanya lugha nyingi za Ulaya na baadhi ya lugha za Asia hadi India.

Njia hiyo ndiyo inayotumika pia kwa lugha zetu za Kibantu, na inafaa kuitaja kwa sababu inathibitisha kwamba kazi hii haihusu Ulaya peke yake. Kiswahili kinasema nyoka, Kizulu inyoka, Kigikuyu njoka, Kikamba nzoka, Kinyarwanda inzoka. Ufanano huu hauwezi kuwa wa bahati, na wataalamu wanaurejesha kwenye mzizi mmoja wa Kibantu cha kale. Kuna jambo moja la kuvutia zaidi: katika Kinyarwanda neno hilohilo hutumika pia kwa minyoo ya tumboni, na katika Kiganda enjoka ni hiyo minyoo, ilhali nyoka mwenyewe huitwa omusota. Maana ya neno husogea pole pole kutoka mnyama mmoja hadi mwingine anayefanana naye kwa umbo, na tutaona hapa chini kwamba anguis nalo lilisogea hivyo hivyo.

Kwa nini Waroma walihitaji maneno mengi ya nyoka, na anguis lilikuwa na nafasi gani kati yake?

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote, kwa sababu mtu asipolijua atadhani kwamba vivumishi vyote vya nyoka katika Kiingereza ni sawa.

Serpens lilikuwa neno lililotokana na kitenzi serpere, kutambaa, kwa hiyo kwa asili lilimtaja nyoka kwa kitendo chake: ni "atambaaye". Vipera, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, liliundwa kutokana na maneno mawili yenye maana ya kuzaa hai, kwa kuwa nyoka wa jamii hiyo wengi hawatagi mayai nje bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika, kama afanyavyo kifutu wetu. Coluber, na umbo lake la kike colubra, lilizaa culebra ya Kihispania, couleuvre ya Kifaransa na cobra ya Kireno. Wareno walipokutana na nyoka wa Asia anayetanua shingo walimwita kwa Kireno nyoka mwenye kofia, na Ulaya nzima ikabaki na kipande cha kwanza cha jina hilo, huku Waswahili wakiendelea kumwita fira au swila. Draco nalo lilitoka Kigiriki, na lilitumika kwa majoka makubwa, hasa ya hadithi.

Anguis halikumtaja nyoka kwa kutambaa kwake, wala kwa kuzaa kwake, wala kwa ukubwa wake. Lilimtaja nyoka tu. Tena lilikuwa neno ambalo Mroma angelitumia kwa nyoka wa nyumbani, yule aliyehusishwa na ibada. Katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79 B.K., kuta za nyumba nyingi zina picha za nyoka mkubwa anayesogelea madhabahu yenye sadaka. Mfano unaojulikana sana umo katika nyumba ya akina Vettii, ambamo nyoka amechorwa chini ya miungu walinzi wa nyumba. Nyoka huyo hakuchorwa ili kumtisha mgeni, bali aliwakilisha ulinzi na neema ya mahali.

Historia ya Roma yenyewe inasimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 3 K.K., mji ulipokumbwa na tauni, wajumbe walitumwa Epidauro katika Ugiriki ili kumwomba mungu wa tiba, na wakarudi na anguis aliyepanda merikebuni mwao kwa hiari yake, ambaye waliamini kwamba mungu mwenyewe alikuwa ndani yake. Hekalu lilijengwa katika kisiwa kilicho katikati ya mto Tiber, na hadi leo kisiwani humo kuna hospitali.

Haina maana kwamba anguis alikuwa wa heri siku zote. Katika tamthilia ya Terentius, mwandishi wa Kiroma, iliyoonyeshwa mwaka 161 K.K., mhusika anayetafuta visingizio vya kuahirisha harusi anataja nyoka aliyeanguka kutoka juu ya paa hadi ndani ya nyumba, na anguis ndilo neno lililotumika. Ilikuwa ishara mbaya. Mshairi wa Kiroma Vergilius, aliyefariki mwaka 19 K.K., anaonyesha pande zote mbili katika utenzi wake mmoja, Aeneis. Katika kitabu cha pili, nyoka wawili wanavuka bahari kutoka kisiwa cha Tenedos na kumnyonga kuhani Laocoön pamoja na wanawe. Katika kitabu cha tano, nyoka mmoja anatoka chini ya kaburi la Anchises, baba wa shujaa Aeneas, anaonja sadaka zilizowekwa, kisha anarudi ndani bila kumdhuru yeyote, na Aeneas hajui kama huyo ni mlinzi wa mahali au mtumishi wa baba yake. Mahali pote pawili mshairi ametumia anguis. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba neno lenyewe halikubeba hukumu. Hukumu ilitoka katika tukio.

Basi tofauti kati ya "anguine" na vivumishi vingine vya nyoka ni ipi?

"Serpentine" ndilo linalotumika zaidi, na kwa sababu ya kutumika sana limepoteza sehemu ya nyoka wake: likitajwa kuhusu barabara, mto au foleni, msomaji anafikiri juu ya kupindapinda tu. Ni jina pia la jiwe la kijani lenye mabaka yanayofanana na ngozi ya nyoka, ambalo wachonga sanamu wa Zimbabwe wamelifanya maarufu duniani. "Viperine" limebeba sumu. Mtu akielezwa kwa neno hilo ameelezwa kuwa na chuki au hila. "Colubrine" linahusu zaidi lile kundi kubwa la nyoka ambalo wataalamu huliita Colubridae. "Ophidian" limetoka Kigiriki, ambako ophis ni nyoka, na lina harufu ya maabara.

"Anguine" linabaki na mnyama mzima: urefu wake, ulaini wake, mwendo wake wa kimya. Mwandishi anayetaka kusema kwamba kitu kimefanana na nyoka, bila kusema kwamba kinapinda tu wala kwamba ni kiovu, hapo ndipo analihitaji. Nje ya hapo, ningemshauri atumie neno la kawaida.

Ilikuwaje anguis likatoweka katika lugha zilizozaliwa na Kilatini?

Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiromania havikulirithi kama jina la kawaida la nyoka; Kiitaliano kimelihifadhi katika umbo la angue, lakini kwa ushairi tu. Nafasi yake ilichukuliwa na warithi wa serpens na wa colubra. Hata hivyo, anguis lilikuwa limeacha mtoto. Waroma walimwita mkunga, yule samaki mrefu wa mtoni, anguilla, neno lenye sura ya udogo ambalo kwa wengi maana yake ni "nyoka mdogo", na jina hilo likaishi kila mahali: anguille kwa Wafaransa, anguilla kwa Waitaliano, anguila kwa Wahispania, enguia kwa Wareno. Kwa hiyo nyoka alikufa katika jina lake na kubaki katika jina la samaki anayefanana naye.

Kutokana na mkunga huyo, kisiwa kimoja chembamba cha Karibi, chenye urefu wa takriban kilomita 26, kinaitwa Anguilla. Na kwetu Afrika Mashariki, mikunga ya jenasi Anguilla wamo katika mito inayomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Mmojawapo, Anguilla mossambica, amepewa jina la Msumbiji. Hukua katika maji baridi ya mtoni, kisha hurudi baharini kwenda kuzaa.

Ni wapi katika sayansi ninapoweza kukutana na mzizi huu?

Mara nyingi kuliko unavyotarajia. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa kuvipa viumbe majina ya Kilatini, alimpa jina la Anguis fragilis mjusi wa Ulaya asiye na miguu, ambaye watu wengi humwua wakidhani ni nyoka. Ana kope zinazofumba, jambo ambalo nyoka hana, na akikamatwa anaweza kuuachia mkia wake ukakatika. Ndiyo sababu ya fragilis, yaani mwepesi kuvunjika. Jina lake ni la nyoka, na yeye si nyoka.

Katika mimea, tango refu linalojipinda, linalolimwa sana Asia ya Kusini, lilipewa na Linnaeus jina la Trichosanthes anguina, na hadi sasa neno anguina linatumika kuitambulisha aina hiyo inayolimwa. Katika kilimo kuna Anguina tritici, mnyoo mdogo sana asiyeonekana vizuri bila hadubini, anayeishi ndani ya punje za ngano na kuzigeuza kuwa vinundu vyeusi. Aliyemwona kwanza ni John Turberville Needham, mwaka 1743, alipoiweka punje iliyoharibika ndani ya maji na kuona vitu vyembamba vikianza kujinyonganyonga. Na wataalamu wa samaki wana istilahi inayotokana na anguilla kwa uogeleaji ambao mwili wote, kuanzia kichwa hadi mkia, hupita mawimbi ya kujipinda.

Kuna maneno mengine ya ukoo huu yaliyoungwa na mengine?

Yapo, na mengi ni ya kishairi. Mshairi wa Kiroma Ovidius anamwita Gorgo, kiumbe wa kike wa kutisha katika hadithi za Kigiriki, anguicoma, mwenye nywele za nyoka, na majitu yaliyopigana na miungu anayaita anguipedes, wenye miguu ya nyoka. Majitu hayo yamechongwa katika madhabahu ya Pergamon, kazi ya karne ya 2 K.K. inayohifadhiwa Berlin, ambako mapaja ya baadhi yao yanageuka kuwa nyoka wanaouma.

Cicero naye, msemaji na mwandishi wa Roma, katika kuzitaja nyota kwa Kilatini, aliliita kundi la Ophiuchus kwa jina la Anguitenens, yaani mshika nyoka. Kundi hilo limekatizwa na ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika unaopita angani juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo watu wa Kenya, Uganda na Tanzania huliona likipita juu sana, hasa jioni za mwezi wa Julai, wakati watu wa kaskazini ya mbali huliona likiwa chini kuelekea upeo wa macho.

Nilifasiri vipi neno hili kwa Kiswahili?

Kwanza, usitafute kivumishi kimoja. Kiswahili kina mashina machache ya vivumishi halisi, lakini kina njia nyingine zinazofanya kazi hiyo kwa usahihi mkubwa, na mfasiri anatakiwa achague kwa kutazama ni upande gani wa nyoka unaokusudiwa. Panapohusika asili au umiliki, "-a nyoka" inatosha: mifupa ya nyoka, mayai ya nyoka. Panapohusika umbo, andika "-enye umbo la nyoka". Panapohusika mwendo, kitenzi ni bora kuliko sifa: "ukajisogeza kama nyoka atambaavyo" kuna uhai kuliko nomino yoyote iliyobandikwa kivumishi. Na panapohusika tabia, Kiswahili kina "kinyoka", lakini hapo pana hatari, kwa sababu msomaji wetu akisikia kwamba mtu ametenda kinyoka atafikiria usaliti mara moja. Methali inayosema kwamba mwana wa nyoka ni nyoka imekwisha kumtayarisha afikiri hivyo. Kwa kuwa "anguine" halina hukumu hiyo, kulifasiri kwa "kinyoka" ni kumsingizia mwandishi maneno ambayo hakuyasema.

Zingatia pia ukubwa. Pale Kilatini kinapomkusudia nyoka mlinzi au nyoka wa kutisha wa hadithi, umbo letu la ukubwa, "joka", hukaa vizuri zaidi. Wazungumzaji wa Kiswahili wanamjua joka la mdimu, anayelinda matunda asiyoyala, na picha hiyo ya ulinzi iko karibu na nyoka wa Pompeii kuliko tafsiri yoyote ya kubuni.

Je, tuliazime neno lenyewe na kuandika "-a kianguini"?

Sioni haja. Katika majina ya kisayansi Kilatini hubaki kama kilivyo, na nje ya majina hayo msomaji hatapata kitu ambacho "nyoka" halijampa.

Lina undugu na "sanguine", "anguish" au tango liitwalo Cucumis anguria?

Hapana. "Sanguine" limetokana na sanguis, damu, na ufanano wake na "anguine" ni wa mwangwi tu. "Anguish", dhiki kuu ya moyo, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kubanwa na kukosa nafasi. Anguria ni jina lililotoka Kigiriki kwa ajili ya tango, nalo linawapotosha watu zaidi ya hayo mengine, kwa kuwa lipo jirani na tango la nyoka tulilolitaja. Neno zima la asili ndilo la kutazamwa kabla ya kudai undugu.